Kishikio cha Kiti cha Nyuma

Akelo hakwenda karakana asubuhi ile kumfariji Jovinary. Alikwenda kumpelekea habari njema, kama kuna habari yoyote iliyoweza kuitwa njema katika wiki ile, na njia nzima kutoka Igogo alikuwa akiipanga mdomoni ili aiseme bila kulia. Mvua za mwaka ule hazikuwa mvua za kawaida. Zilikuwa zimeporomosha mawe milimani na kubomoa vyoo vya watu, na hata asubuhi ile zilikuwa zikinyesha taratibu, kama mtu aliyechoka kugomba lakini hajawa tayari kunyamaza. Khanga aliyojifunika ililowa hata kabla hajafika Ilemela.

Karakana yenyewe ilikuwa ghala la zamani la pamba, pembeni mwa ziwa, upande wa chini wa uwanja wa ndege. Chenge, fundi wa kuchomelea, alikuwa amekaa mlangoni juu ya debe, mikono mitupu, hana kazi ya kufanya.

"Shikamoo, kaka Chenge."

"Marahaba, dada. Pole sana."

"Tumeshapoa. Yumo?"

"Yumo, kajifungia kwenye kile chumba chake. Tangu jana hajatia kitu tumboni. Kaongee naye wewe, sisi ametushinda."

Ndani, pale ilipokuwa ikisimama Furukombe, palibaki madoa ya mafuta tu sakafuni. Furukombe ndilo jina walilokuwa wameipa ndege yao, kwa jina la yule tai anayechota samaki majini kisha akatua mtini, maana nayo iliweza kutua majini na nchi kavu. Jovinary Rugambwa ndiye aliyeibuni. Wanaume wengine wakirudi kutoka masomoni Urusi huja na koti zito na redio ya kujivunia. Huyu Mhaya wa Bukoba alirudi na michoro, na tangu hapo hakulala usingizi wa raha. Alitaka ndege ambayo mama mjamzito wa Ukerewe angepanda bila kuaga watoto. Mabawa yake yakikunjuliwa ilikwenda polepole hata ikatua kwenye uwanja wa mpira wa shule, yakirudishwa ikakimbia mbele ya dhoruba. Na cha ajabu zaidi kilikuwa chumba cha abiria. Mambo yakiharibika kabisa angani, ulivuta kishikio chekundu, komeo zikaachia, chumba kikajitenga pamoja na mkia, parachuti kubwa ikafunguka juu ya paa, na abiria wakashuka wamekaa kwenye viti vyao hadi majini, nacho chumba kikaelea.

Rubani alibaki mbele na injini. Parachuti haikuweza kubeba injini, ndiyo maana rubani alivaa ya kwake mgongoni, kama askari. Rubani huyo alikuwa Odoyo, kaka yake Akelo wa tumbo moja.

Chumba cha abiria kilikuwa pale kwenye kona, kizima, hata kioo hakikupasuka. Magugu maji yaliyokauka yalikuwa bado yamenasa chini yake. Jovinary alikuwa amekaa ndani, kwenye kiti cha nyuma, na alipomwona Akelo hakuinuka. Aliinua tu uso. Uso ule Akelo alikuwa akiupenda hata ulipopakwa grisi, na sasa ulimtia uchungu.

"Umekuja kwa miguu na mvua hii?" Jovinary aliuliza.

"Sikuhisi mvua."

"Keti basi. Utashikwa na homa."

Akelo aliingia, akaketi mkabala naye. Mapenzi yao yalikuwa yamekulia humo humo chumbani, kabla hata viti havijafungwa. Humo ndimo walimokuwa wakila mihogo ya kukaanga, humo ndimo Jovinary alimobusu mkono wake kwa mara ya kwanza akaomba radhi kwa mafuta ya mashine. Na kila siku ya majaribio, baada ya kumfungia mlango, Jovinary alikuwa akiweka kiganja kwenye kioo kwa nje na kuuliza, "Abiria yuko salama?" Naye Akelo huweka cha kwake kwa ndani, akajibu, "Yuko salama."

"Baba aliniita jana," Akelo alianza. "Kuhusu sisi."

"Sisi?" Jovinary alisema, kana kwamba neno lenyewe lilikuwa geni.

"Sikiliza nimalize. Unajua alivyokuwa akisema. Kwamba Mhaya atanipeleka kwenye migomba yao aniache nikilia peke yangu. Na mama yako huko Bukoba naye anasema hawezi kupokea binti asiyejua kupika ndizi. Miaka miwili, Jovi, tunahangaika na wazee hawa. Jana baba kanikalisha chini akaniambia, 'Mwanangu Odoyo alikuwa na roho mbili mkononi, ya kwake na ya mtu huyu. Akachagua huyu aishi. Mimi ni nani nimkatae mtu ambaye mwanangu amemkomboa kwa uhai wake? Huyu sasa ni mwanangu.' Alisema hivyo. Ametukubalia."

Machozi aliyojitahidi kuyazuia tangu Igogo yalitoka sasa. Alilia kwa kaka yake, na aibu ilioje, alilia pia kwa furaha, furaha ndogo yenye sumu ndani yake. Alingoja Jovinary amshike mkono. Jovinary hakumshika.

"Baba mkubwa amefika na yago," Akelo aliendelea, akijifuta kwa khanga. "Leo wanakuja hapa ufukweni."

Kwao Rorya, mtu aliyemezwa na ziwa asipopatikana haachwi hivi hivi. Hutafutwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kwa kamba yake mtini, likavishwa sanda na kuzikwa mahali pa mwili ili marehemu awe na kwake. Mzee Okwach, baba yao, alikuwa mzee wa kanisa na jambo hilo lilimkwama kooni. Lakini mama Odoyo alisema mchungaji atasali na yago litazikwa, na hakuna aliyethubutu kumjibu. Kabla ya kulipeleka nyumbani, jamaa hulileta kwanza penye maji, wakamwita marehemu kwa jina. Na yule aliyekuwa naye mwisho husimama akaeleza alivyoondoka, ili marehemu asibaki na kinyongo njiani.

"Wewe ndiye utakayesema," Akelo alimwambia. "Sema tu ilivyokuwa. Kwamba injini ilizimika, na Odoyo akavuta kishikio akakutoa. Wanakungoja wewe tu."

Hapo ndipo jicho lake lilipoangukia kando ya kiti alichokalia Jovinary. Vishikio vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa mbele, kwa rubani, nacho kilikuwa chini ya ziwa pamoja na Odoyo. Cha pili kilikuwa hiki cha nyuma, na kilikuwa kimechomoka mahali pake, kinaning'inia kwenye waya wake mrefu.

Akelo alikinyooshea kidole.

"Jovi. Hiki kilichomoka mlipoanguka majini?"

"Hapana."

"Basi Chenge alikivuta mlipokuwa mkitoa chumba kwenye magugu."

"Akelo." Jovinary alikitazama kile kishikio. "Nilikivuta mimi. Huko huko juu."

"Odoyo alikwambia uvute?"

"Odoyo aliniambia nitulie."

Mvua ilizidi kidogo juu ya mabati. Akelo alimtazama, akitafuta usoni mwake mtu aliyekuwa akimjua.

"Niambie yote," alisema. "Nisije nikasikia mengine kwa watu."

"Tulikuwa tunarudi kutoka Ukerewe. Upepo ulikuwa mbaya. Injini ikaanza kukohoa, halafu ukaja moshi. Odoyo akakunjua mabawa. Akaniambia, 'Tulia, shemeji, naishusha majini, mbona ndege imetulia.' Na kweli ilikuwa imetulia. Ilikuwa inashuka polepole, vile vile nilivyoichora. Ingefika. Mimi ndiye niliyeibuni, nani anayejua kuliko mimi kwamba ingefika? Lakini moshi ulijaa, nikaona maji yanakuja, na kishikio kilikuwa hapa, karibu na goti langu. Mkono ulinitangulia. Sikufikiri kitu."

"Na parachuti yake?"

"Tulikuwa chini mno. Ya mgongoni inataka nafasi kubwa ya kufunguka kuliko ile ya chumba. Nilipoondoka na mkia, yeye alibaki na ndege isiyo na mkia. Haikwenda popote, iliinamisha pua tu."

"Alisema kitu?"

Jovinary alifunga macho. "Aliniita jina. Hakuniita shemeji. Alisema, 'Jovinary, acha.'"

Akelo aliinamisha kichwa hadi kikagusa magoti. Alitaka kumpiga, alitaka kumkumbatia, na mikono haikujua ifanye lipi, ikabaki imelala mapajani. Ndipo lilipomjia wazo jingine. Lilimjia polepole, na lilipofika lilimkalia kifuani.

Katika michoro ya kwanza, kishikio kilikuwa kimoja tu, cha rubani. Jovinary alikuwa ameshikilia hivyo kwa ukali, kwamba rubani ndiye anayejua ndege imeshindikana au bado. Aliyebadilisha alikuwa Akelo. Akiwa mtoto alipanda mtumbwi wa injini uliopinduka karibu na Musoma. Mwenye mtumbwi aliwaamrisha wote wakae, wasiruke, atawafikisha. Waliomtii walizama wamekaa. Akelo aliruka, akapona. Tangu hapo, kumwachia mtu mwingine usukani kulimpa homa. Ndipo jioni moja, humu humu, alipomshika Jovinary shingoni akamwambia, "Mimi siingii kwenye ndege yako bila kishikio changu. Abiria asimtegemee mtu. Ukinipenda, niwekee." Jovinary alicheka, akabisha wiki nzima, kisha akakiweka. Akakipaka rangi nyekundu mwenyewe, kwenye kiti hicho hicho cha nyuma, maana ndicho kilichokuwa cha Akelo.

"Ni mimi niliyekiomba," Akelo alinong'ona.

"Nyamaza."

"Kisingekuwepo, usingekivuta. Odoyo angetua. Mngerudi wote wawili mmelowa, mnatukanana."

"Nimesema nyamaza, Akelo. Mkono ni wangu."

Jovinary alimshika Akelo mabega sasa, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alikuwa amekonda kwa siku chache hizo, na mikono yake ilikuwa ya baridi.

"Jovi, nisikilize," Akelo alisema haraka haraka. "Hakuna aliyekuona isipokuwa Mungu. Waambie ni Odoyo aliyevuta. Kwake yeye ni sifa, si dharau. Mama anaishi kwa neno hilo tu, kwamba mwanawe alikufa akiokoa mtu. Ukimnyang'anya hilo atabaki na nini? Na sisi tutabaki na nini?"

"Nitakula vipi ugali wa mama yako, Akelo? Kila akinitengea samaki atakuwa ananitengea kwa ajili ya uongo huo. Na baba yako ananiita mwanawe." Alitikisa kichwa. "Alisema acha, na mimi sikuacha. Mlipodhani ni yeye aliyevuta, nilinyamaza; nikimwongopea na mbele ya maji, sitakuwa mtu. Hata wewe utanichoka."

"Sitakuchoka."

"Utanichoka. Usiku utaamka unitazame."

Akelo alijua ni kweli, na kwa sababu alijua alikasirika. "Kwa hiyo unachagua kuniacha."

"Nachagua kusema. Wewe kuniacha au kutoniacha, hilo watalisema wao."

Kisha Akelo akauliza jambo lililokuwa likimtisha tangu alipoikumbuka jioni ile, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Na wakikuuliza kwa nini kilikuwepo nyuma?"

Jovinary alimtazama kwa muda. Aliiona hofu ile. Mtu anayekupenda hafichwi hofu yako, hata ukiivika khanga.

"Hawatauliza."

"Baba mkubwa huuliza kila kitu."

"Basi nitajibu."

"Utajibu nini?"

Hakumwambia. Aliutoa mkono wake Akelo kwenye kile kishikio, maana ulikuwa umekishika bila mwenyewe kujua, akaufunika kwa mikono yake miwili. "Nenda kawangoje wenzako huko nje," alisema. "Usionekane umetoka humu ndani."

Na Akelo akaenda, bila kuuliza tena. Hapa wengi watamlaumu, najua. Kulaumu ni rahisi ukiwa umekaa sebuleni na chai yako. Lakini yeye alikuwa na mama mmoja, na mama huyo alikuwa amebakiwa na mtoto mkubwa mmoja tu, yeye.

* * *

Gari la kukodi, lile la nyuma wazi lenye kiti kirefu cha pili nyuma ya dereva, liliteremka hadi ufukweni mvua ikiwa imepungua. Mzee Okwach alishuka kwanza, mrefu, suti yake ya kanisani imemshinda mabegani. Akafuata mchungaji, kisha baba mkubwa, kaka wa mzee Okwach, mtu wa maneno machache na maswali mengi aliyesafiri usiku kucha kutoka Rorya. Mwisho alishuka mama Odoyo, ameshikwa mkono na Faith, mdogo wake Akelo. Alikuwa amelipakata yago ndani ya shuka jeupe, mkono mmoja chini yake, kama anayembeba mtoto aliyelala, na hakukubali kupokewa.

Ziwa halikuonekana vizuri. Magugu maji yalikuwa yamejaa tangu mawe ya ufukweni hadi mbali, mabichi, yanapanda na kushuka. Chini ya kijani kile mahali fulani alikuwa Odoyo, na waliotafuta walisema haiwezekani kumpata.

Jovinary alitoka karakana amevaa shati jeupe. Alipita mbele ya Akelo kama hamwoni, akaenda moja kwa moja kwa wazee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alijibu mzee Okwach, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Neno lile "mwanangu" Akelo alilisubiri miaka miwili. Sasa alitamani lisingesemwa.

Mchungaji alisali sala fupi. Kisha mama Odoyo alisogea hadi maji yakagusa viatu vyake, akaita kwa lugha yao, sauti haikupanda wala kutetemeka. "Odoyo, bi wadhi dala." Odoyo, njoo twende nyumbani. Aliita hivyo mara kadhaa, polepole, na kila akiita alingoja, kama mama anayeita mtoto aliyechelewa mchezoni. Faith alikuwa akilia. Akelo hakuweza.

"Sasa wewe," baba mkubwa alimwambia Jovinary. "Ulikuwa naye. Mwambie tumejua alivyoondoka, aje na moyo mweupe."

Jovinary aliyageukia maji, akasema. Hakujipamba na hakujitetea. Alieleza upepo na moshi. Alieleza kwamba Odoyo alikuwa ameshaituliza ndege na angeishusha majini bila tatizo. Akasema, "Mimi ndiye niliyevuta kishikio. Yeye aliniambia niache. Sikuacha. Nikashuka mimi, yeye akafa."

Mchungaji aliisahau Biblia mkononi ikilowa.

"Rudia," alisema mama Odoyo.

Jovinary akarudia, neno kwa neno.

Mzee Okwach alitafuta jiwe la kukalia. Alipoketi alionekana mzee kuliko baba mkubwa, ambaye ndiye aliyemtangulia kuzaliwa. "Mwanangu hakuchagua," alisema, akijisemea mwenyewe. "Jamani, hakuchagua."

Baba mkubwa yeye alibaki amesimama, amekunja paji la uso. "Nieleweshe kidogo, kijana," alisema, na hakukuwa na ukali katika sauti yake, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nimeendesha malori. Breki hukaa kwa dereva. Hicho kitu kiliwekwaje nyuma, mahali anapokaa abiria? Nani alitaka kiwe hapo?"

Akelo alingoja Jovinary amtazame. Hakumtazama. Alitazama magugu, alitazama viatu vyake, alitazama kila kitu ufukweni pale isipokuwa yeye, na kwa jinsi alivyokwepa, Akelo akajua jibu kabla halijasemwa.

"Mimi, mzee."

"Wewe mwenyewe?"

"Ni wazo langu. Nilitaka abiria asimtegemee mtu."

Yalikuwa maneno yake Akelo. Hakuyaongeza kitu wala kuyapunguza.

Akelo akafungua mdomo. Nani atasema hakufungua? Aliufungua, na hewa ikaingia, na jina la Jovinary lilikuwa tayari ulimini. Ndipo mama yake alipogeuka. Macho ya mama Odoyo yalikuwa makavu, na yalimtafuta binti yake kama mtu anayetafuta ukuta wa kuegemea gizani.

"Akelo, wewe ulikuwa ukishinda humo karakana na huyu," alisema. "Ulikijua kitu hicho?"

Jovinary bado alikuwa ametazama maji. Akelo aliona bega lake limekakamaa chini ya shati lililolowa. Alikumbuka jioni ile, shingo ile, kicheko kile. Na alikumbuka mtumbwi wa utotoni, alivyoruka na kuwaacha waliokaa.

"Hapana, mama," alisema.

Mabega ya Jovinary yalishuka kidogo. Hakuna mwingine aliyeona.

Mzee Okwach alisimama kwa shida, akamsogelea. "Jana nilikupokea mbele ya mke wangu na watoto wangu," alisema. "Nimekuwa mtu wa kanisa maisha yangu yote, na mwanangu anatusikia, kwa hiyo sitakulaani. Umesema kweli, na kweli imekugharimu, hilo naliona. Lakini usije kwangu. Usije Igogo, usije Rorya kwenye maziko. Binti yangu usimwite na usimtume mtu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Basi Mungu akusaidie, maana mimi siwezi."

Walimwita Odoyo kwa mara ya mwisho, wote pamoja. Akelo aliita pia. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza, ilikuwa nzima kabisa.

Kwenye gari, mama Odoyo aliishiwa nguvu ghafla. "Likamate wewe," alimwambia Akelo. "Wewe ndiye mkubwa sasa." Akelo akakaa mwisho wa kiti, kando ya mlango, yago limelala mapajani ndani ya shuka lake. Hakujua kwamba ni zito hivyo. Baba mkubwa alikaa mbele na dereva, mzee Okwach na mchungaji walikuwa nyuma kwenye mvua, wamekataa mwavuli.

Gari lilipowashwa, Jovinary alikuwa amesimama kwenye mlango wa karakana, Chenge nyuma yake. Sasa alimtazama Akelo, kwa mara ya kwanza tangu atoke. Akainua mkono. Hakuupunga kama mtu anayeaga. Aliuweka hewani tu, kiganja kimefunguka, kama umegusa kioo. Akelo alilijua swali lile bila kulisikia. Alikuwa amelijibu mara nyingi akicheka.

Mkono wake wa kushoto ulibaki kwenye yago. Wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye kishikio cha mlango, ukakikamata. Kilikuwa chepesi, cha chuma kilicholegea. Angekivuta tu, mlango ungefunguka, angeteremka kwenye tope lile aseme neno moja mbele ya baba yake na mbele ya maji. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Gari lilianza kupanda kilima polepole, likiteleza, na kwa mwendo ule hata mtoto angeshuka asiumie.

Wakaupita uwanja wa ndege. Wakateremka mjini, wakaiacha Igogo bila kuingia, wakashika barabara ya Musoma. Mvua ilianza upya, na hakuna aliyesema kitu. Walipofika Kisesa mkono wa Akelo ulikuwa bado pale pale, umekaza hadi vidole vimekufa ganzi.

"Dada," Faith alimnong'oneza, "mlango haukufungwa vizuri?"

"Umefungwa," alijibu Akelo.

Lakini hakuuondoa mkono, na hakuvuta.